Posa Iliyokataliwa kwa Adabu

Mama yangu mpenzi,

Kwa heshima zote, mbele ya familia nzima, mbele ya majirani wa Shituru na mbele ya kwaya ya parokia iliyosimama wima, ninatangaza rasmi kwamba nimenunua sufuria. Ni sufuria ya bukari, ugali wetu, ina masikio mawili, na mwiko wake nimeuchonga mwenyewe kutoka kwenye gongo la besiboli lililovunjika. Bukari ya kwanza ilitoka na mabonge. Niliila yote na sikumlaumu mtu.

Naomba barua hii ikukute umeketi, maana nalijua goti lako. Linakufikisha kanisani bila kukugombeza? Maji ya bomba yanafika sasa, au bado mnaamka kuyavizia kama mwizi? Dada yangu mkubwa, yaya Odile, na mimba yake wanaendeleaje? Na vumbi la kiwanda, bado linakaa mezani kabla ya wageni? Mimi mwili ni mzima. Kiwiko kinaniuma wakati wa baridi tu, na huku ng’ambo baridi haina haraka ya kuondoka.

Najua umekwisha kujiuliza: sufuria ya nini, na kwa mjomba zimejaa kabati? Hiyo ndiyo habari yenyewe, Mama. Sikai tena kwa mjomba. Nimehama. Na sikupiga simu kwa sababu kwenye simu unanishinda siku zote: neno likifika mahali panapouma, ama mtandao unakatika, ama wewe unaanza wimbo wa kanisa. Karatasi haikatiki na haiimbi. Barua hii inakuja na mama mmoja wa Lubumbashi anayerudi kuona wajukuu wake. Atampa dereva wa basi la Likasi.

Nianze mbali kidogo, maana kazi hii ya kutupa mpira wa besiboli sijakueleza vizuri hata siku moja. Wewe ulikuwa unauliza kama nimekula. Unakumbuka mawe ya reli niliyokuwa nikiyatupa kwenye mlingoti wa ishara, mpaka mtu wa stesheni akaja kulalamika nawe ukanichapa mbele yake ili aridhike? Huku kitu kile kile wanakiita kipaji.

Kijana wa huku akimaliza sekondari na mkono wake una nguvu, kuna siku katika mwaka ambapo klabu kubwa zinaita majina, kila klabu kwa zamu yake. Ukiitwa na ukakubali, mpira unakuwa kazi yako na shule unaiacha. Ukikataa ukaenda chuo kikuu, mlango unafungwa mpaka umalize mwaka wa tatu. Klabu zenyewe hazipatani juu ya jambo hili. Nyingine zinapenda vijana wa sekondari, kama mtu anayenunua mahindi yakingali shambani: huenda yatajaa, huenda yatabaki mabua. Nyingine zinasema tungoje hawa wa chuo kikuu, hao tumewaona wakipigwa na wakiinuka.

Na kuna ujanja mmoja ambao hakuna aliyenifundisha, niliuona kwa kukaa tu na kutazama. Kijana wa sekondari wanamwogopa, kwa sababu anaweza kuwaambia, “Asante, naenda zangu kusoma.” Yule aliyesoma mpaka mwisho hawamwogopi hata kidogo. Hana pengine pa kwenda, na wao wanajua. Sisi kwetu tumelelewa tukiambiwa kwamba elimu inafungua milango. Katika kazi hii kila mwaka wa darasa unafunga mlango mmoja, na unaufunga polepole ili usisikie kelele.

Kwa hiyo kabla ya siku ya majina klabu inatuma mtu nyumbani kwenu kuuliza swali moja: tukimwita mtoto huyu, atakuja au ataenda kusoma? Jibu la familia linaandikwa, na mambo yanakwisha hapo. Hakuna klabu inayotaka kupoteza zamu yake kwa mtu atakayekataa.

Mama, mwaka niliomaliza sekondari niliambiwa kwamba kwetu hakuja mtu.

Siku ya majina nilikaa sebuleni kwa mjomba tangu asubuhi, nimevaa shati la kanisani. Mjomba hakwenda kazini kwenye kiwanda chake cha kuku, alikaa karibu yangu kama mtu anayekesha na mgonjwa. Majina yaliitwa, yakaitwa, yakaisha. Mjomba akaniwekea mkono begani. “Usilie, mutoto. Aba bantu habaone mbali. Hawakukuona tu.” Nikamshukuru. Nilimshukuru, Mama! Nikaenda chuo kikuu nikijua kwamba mkono wangu haukutosha. Na wewe, wiki ile, ulinipigia simu ukaniambia ulikuwa umenifungia novena, sala ya siku tisa, ili jina langu liitwe, lakini Mungu ana mipango yake.

Ya chuo kikuu unayajua nusu. Kocha alinipenda. Kupendwa na kocha huku ni kama punda kupendwa na mwenye mizigo. Kila mechi ngumu ni mimi, nikitoka kulaza mkono kwenye barafu narudi uwanjani. Mwaka wa pili kitu kikakatika ndani ya kiwiko, nikakisikia kikilia kama ukuni mkavu. Nilipasuliwa, nikakaa nje muda mrefu, nikarudi na mkono unaofikiri kabla ya kutupa. Mwaka huu nimemaliza wa tatu, siku ya majina ikafika tena, simu yangu haikulia. Niliyapokea hayo. Nilisema, kama hawakunitaka nikiwa mzima, watanitakia nini sasa?

Halafu ndipo nikakutana na mzee mmoja, mtu wa klabu, wale wanaotumwa kutafuta vijana.

Alikuja uwanjani kwetu mchana kumtazama kijana mwingine. Alikaa nyuma ya wavu na kile kijibunduki chao cha kupima mwendo wa mpira. Mimi nilikuwa nasawazisha udongo pale tunaposimama kutupa. Akanitazama, akaitazama kofia yangu, akacheka.

“Wewe si yule wa nyumba ya kuku?”

Nikamwambia mjomba wangu ndiye anayefanya kazi ya kuku, mimi sijawahi.

“Hapana, nasema kuku niliyekula,” akasema. “Mwenye pilipili. Nimeingia nyumba nyingi katika kazi hii, wengi hawakupi hata maji. Kwenu nilipewa kuku mzima, halafu nikakataliwa kwa adabu ambayo sijaiona tena. Mjomba wako alinisindikiza mpaka kwenye gari.”

“Kukataliwa nini?”

Akaacha kucheka. Alikuwa mtu mzima, aliona usoni kwangu kwamba amekanyaga pasipokanyagwa.

“Nilikuja kuuliza kama tukikuita utasaini. Akasema nyumba ile haina mtoto wa kutoa, bado yuko masomoni. Nikaandika hivyo.” Akaniangalia. “Hukuambiwa?”

Nilimaliza kusawazisha udongo. Nataka ujue hilo. Niliusawazisha vizuri sana.

Jioni nilimkuta mjomba jikoni akiosha vyombo. Nakuandikia maneno yalivyotoka, ili usiseme nimeongeza chumvi.

“Tonton, kuko muzungu alikuya hapa ule mwaka nilimaliza?”

“Muzungu gani? Bazungu ni bengi, ni inchi yabo.”

“Ule ulimupikia kuku.”

Akasugua sahani. “Ah. Ule. Njo, alikuya.”

“Na ulimwambia nini?”

“Bile tunaambiaka bantu! Mutu akikuya kuomba mutoto, siku ya kwanza haumupe. Unakataa na adabu, anaenda, anarudia na bakubwa yake, njo munaanza kuongea. Weye, binamu zako baliolewa namna gani? Kuko mwenye tulitoa siku ya kwanza? Tungekuwa tunamutupa mutoto!”

“Tonton, alikuwa anauliza swali. Haikukuwa ndoa.”

“Kama haikukuwa ndoa, juu ya nini alivaa kravati ku shingo?”

Mama, hapo nilikaa kwenye kiti. Mtu unataka kukasirika na mtu mwingine anakuuliza habari za kravati.

“Nilimungojea,” akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka. “Nilinunua hata soda ya kumupokea mara ya pili. Katoni nzima.”

Naikumbuka katoni ile. Ilikaa chini ya ngazi mwaka mzima, na kila nilipotaka kufungua nilikatazwa, inangoja wageni. Mwishowe akaniambia kunywa tu. Nilikunywa soda ya posa yangu mwenyewe, nikarudisha chupa tupu kwenye katoni.

Kama ingekuwa hayo tu, ningekuwa bado nakaa kwake. Mjomba ndiye mwenye neno kwa watoto wa dada yake, hivyo ndivyo tulivyo, na yeye alilisema neno lake kama alivyofundishwa. Alikosea nchi. Ningecheka naye siku moja.

Lakini nilimwuliza: “Na ile siku ya majina, ulikaa pembeni yangu, ukaniambia hawakuniona. Juu ya nini?”

Akaichukua sahani iliyokwisha kuoshwa, akaiosha tena. “Uliza mama yako. Miye niliita simu kwake kwanza, muzungu akiwa bado hajafika. Alisema, kataa. Nikamwambia, sawa, mara ya kwanza tunakataa. Akasema, na ya pili kataa. Na ya tatu. Asome. Na mutoto asijue.”

Na mutoto asijue. Nimeyaandika maneno yako mara mbili, Mama, ili uone yanavyokaa kwenye karatasi.

Sababu yako ninaijua, usipoteze wino kunieleza. Nilikuwa darasani mwaka ule wavulana wakubwa walipoacha viti wakaenda Kakanda kuchimba madini, na kaka yangu alikuwa wa kwanza kuondoka. Alikuja mtu wa maneno matamu, mwenye viatu visafi, akawaambia shule itawangoja. Kaka amerudi na mgongo wa mzee, na shule haikungoja. Uliposikia kwamba kuna mtu mwingine, safari hii ng’ambo, anayetaka mtoto wako mwingine tena aache masomo kwa ajili ya kutupa kitu, uliona viatu vile vile. Ningekuwa wewe, labda ningesema kama wewe. Sijui. Hakuna aliyenipa nafasi ya kujua.

Ungeniambia, “Musonda, mimi sitaki.” Ningelia, ningekasirika, ningekataa kula siku nzima, halafu ningekutii, kama nilivyokutii maisha yangu yote. Mkaona ni rahisi zaidi niamini kwamba mimi sifai. Miaka yote hii nimetupa mpira kama mtu anayeomba radhi. Kiwiko hiki nilikipasua nikijaribu kuwaonyesha watu kwamba walikosea kutoniona, kumbe waliniona, wakaja mpaka mezani, wakala kuku.

Na ile novena. Mama, siku zote tisa ulipiga magoti, na goti lile lile, ukimwomba Bikira Maria jambo ulilokuwa umekwisha kulikataza kwa simu. Sijui yeye alielewa nini. Naona aliamua kungoja mpatane kwanza, wewe na wewe.

Usiogope, shule nitaimaliza, umebaki mwaka mmoja. Simalizi kwa ajili yako. Namaliza kwa sababu viatu vya baridi nimekwisha kuvinunua. Chumba changu kina dirisha moja linalotazama maegesho, na jirani Mmeksiko ambaye alikula bukari yangu yenye mabonge akasema ni tamu. Uongo wa adabu. Huo nauweza.

Ninachotaka kwako ni kidogo. Usinitumie sauti kwenye simu, wala wimbo. Chukua kalamu, uandike kwa mkono wako kwamba ulijua. Hata mstari mmoja. Nikiuona nitajua la kufanya na hasira yangu. Sasa hivi naizungusha chumbani kama kiti kisicho na mahali.

Nisalimie yaya Odile, mwambie mtoto akizaliwa asimwite jina langu kabla sijaulizwa. Nisalimie kaka; mwambie mgongo wake nauwaza kila ninapoinama. Nisalimie bibi mzaa mama, umsomee barua hii lakini ruka pale pa kravati, asije akacheka akakosa pumzi. Nisalimie katekista jirani yetu aliyenifundisha kuandika mistari iliyonyooka. Mjomba sikutumi umsalimie, ninaonana naye Jumapili kanisani, tunapeana amani pale padri anaposema tupeane, halafu kila mtu anatazama mbele.

Mungu akulinde na goti lako. Mimi ni mtoto wako bado, ila kwa sasa nimekaa mbali kidogo kuliko ramani inavyosema.

Musonda

Kuna jambo nimeliacha nje. Kabla yule mzee hajaondoka nilimwuliza: siku ile mjomba angesema ndiyo, mngeniita? Akafikiri, akafunga mkoba wake, akasema hapana. Mwaka ule, yeye akiwa amekwisha kula kuku wetu, wakubwa wa klabu yao waliamua kutochukua kijana yeyote wa sekondari.