Kibe Ameazimwa Maktaba

Wagaki uko? Wueh! Muringo amejifungia choo cha maktaba, hataki kutoka.

Si unajua ile mashine mpya ya kujiazimia vitabu? Programu yake ni ya bure, unaruhusiwa kuifungua uibadilishe vile unataka. Basi jana Muringo akiijaribu akasajili BWANAKE kama kitabu! Akaandika, "Kibe. Kimezeeka lakini bado kinasomeka." Akambandika stika ya maktaba kwa koti. Akasahau kuitoa!

Leo ni uzinduzi. Mwalimu Mbithe, yule mjane wa Kalama, akaweka kadi yake. Kibe naye, kujifanya fundi, akaegemea mashine. Ikasoma stika.

Ikatangaza, ukumbi wote ukisikia: "Kibe. Kimezeeka lakini bado kinasomeka. Umeazima wiki mbili."

WIKI MBILI, Wagaki!!

Muringo akaomba, "Mwalimu, bonyeza Rudisha, tafadhali."

Mwalimu akavaa miwani, akamwangalia Kibe juu mpaka chini, akabonyeza Ongeza Muda.

Aki Ongeza Muda!

Sasa Muringo ananiuliza kupitia mlango kama Kibe amerudishwa. Nimwambie nini? Nimewaona wakielekea stage ya matatu, na Kibe ndiye amebeba mkoba wa Mwalimu.