Mama Alivyoita Padri

Chausiku, nimeishiwa nguvu kwa kucheka. Mama kanisimulia sasa hivi kisa cha mwaka 79, alipokuwa nesi Geita, akimtafsiria daktari Mhispania.

Bujiku, mchimbaji dhahabu wa Rwamgasa, kaletwa mguu umechanika. Daktari akasema, "La cura!" Mama akamwambia mgonjwa, "Anataka padri."

PADRI, Chausiku!

Bujiku akajua anakufa. Akamshika mkewe mkono: "Mama Limi, nisamehe. Nina mke mwingine Chato, na watoto."

Kumbe kwa Kihispania neno hilo likiwa la kiume, "el cura", ni padri. Likiwa la kike, "la cura", ni kusafisha kidonda tu!

Daktari anarudi na bandeji, Mama Limi keshaondoka. Bujiku analia, "Nesi, mwite arudi!"

Daktari, akidhani analilia mguu, akatabasamu: "Mwambie atapona."