Stima Isiyo Sanifu

Nairobi, 9 Januari 2025

Shikamoo mama,

Natumai u mzima na goti limepungua. Mimi ni salama, ila baridi ya huku usiku yatuonea sisi watu wa pwani.

Naandika barua kwa sababu kwenye simu ukisikia neno "ofisi" unakata. Ofisi yetu ya umeme italeta laini ya taifa Sabaki kabla ya Ramadhani. Kile kituo chenu cha sola mnachogandishia barafu ya samaki sharti kizimwe, na nyaya zenu zishushwe. Si chuki, mama. Zamani huko ulimwenguni kila mji ulikuwa na umeme wa kipimo chake. Mtu akihama na redio yake, inaungua siku ya kwanza. Ndipo nchi zikachagua kipimo kimoja. Umeme wenu si sanifu. Unapanda na kushuka, wala hauna waya wa kuingia ardhini. Wewe ndiye mwenyekiti wa kikundi chenye kituo. Tia saini ya kukubali kizimwe, mambo yaishe kwa wema.

Mwanao,
Umair

Sabaki, 20 Januari

Mwanangu Umair,

Marahaba. Goti ni lile lile. Nimeona picha yako, umekonda; usisingizie baridi, sema hupiki.

Neno lako nimelisoma. Sanifu. Nilipokuwa darasa la pili mwalimu alinichapa kwa kumwambia mwenzangu "ndoo hapa" badala ya "njoo". Eti kwa Kiswahili sanifu ndoo ni ya maji. Mimi niliyezaliwa ndani ya Kiswahili nikafundishwa kwa fimbo kwamba mamangu hakijui. Sijasahau, na leo waniletea neno lile lile.

Tuliomba stima mpaka midomo ikakauka, tukaambiwa Sabaki ni mbali. Mama karanga, wale wakaanga samaki wetu, wakinunua samaki jioni, asubuhi wanawatupa. Tukajitilia stima wenyewe. Leo ndiyo mwajua kuwa tupo? Sitii saini. Na hilo "sitii" lisome upendavyo.

Ila kuhusu waya wa ardhini umesema kweli. Fundi wetu Dzombo ameshaanza kuchimba.

Mamako

Nairobi, 11 Februari

Shikamoo mama,

Habari za afya? Ya Dzombo yamenifurahisha. Lakini kuna jambo zito zaidi. Sisi tukizima laini ili fundi apande nguzo, stima yenu yaweza kupitia nyumba yenye zote mbili, ikarudi kwenye waya wetu na kumuua. Kahonzi, ninayefanya naye kazi, alimzika nduguye kwa jambo kama hilo. Hapa sisemi kwa ajili ya ofisi. Nasema kwa ajili ya roho ya mtu.

Mwanao,
Umair

Sabaki, 24 Februari

Mwanangu,

Marahaba, afya alhamdulillahi. Niliposoma habari ya nduguye Kahonzi niliiweka barua chini nikalia. Mpe pole zangu.

Dzombo ametia swichi kubwa: yenu ikizimika, yetu inajitenga yenyewe. Kipimo nacho tumekifanya kama chenu. Alikuja mkaguzi wa ofisi yenu, Trizah, akapima kila kona asione kosa, akanywa chai akaenda zake.

Basi sasa sisi ni sanifu. Tuunganisheni. Jua likiwa kali tunabaki na stima ya ziada, ichukueni. Usiku mtupe yenu. Kama kipimo ni kimoja, kwa nini sisi tuwe wa kupokea tu?

Mamako

Nairobi, 12 Machi

Shikamoo mama,

Ramadhani karimu, na Mungu azitakabali saumu zako.

Wakubwa wamekataa. Wasema kijiji ni mteja, hakiwezi kuwauzia. Niliwaambia kila kasoro niliyokutajia mmeirekebisha. Walicheka, kisha wakaniandikia amri: Jumatatu baada ya Idi nije na vijana wa kazi tukate nyaya zenu. Nikikataa, kazi sina, na atatumwa mwengine asiyewajua. Mama, wajua nilivyohangaika kuipata kazi hii. Nakuomba msikae chini ya nguzo kutuzuia. Usiniaibishe mbele za watu.

Mwanao,
Umair

Sabaki, 3 Aprili

Mwanangu Umair,

Marahaba. Idi imepita salama, na mkono wa Idi wako, zawadi yako ya sikukuu, nimekuwekea.

Chini ya nguzo hatutakaa. Tuna kazi ya kufungasha barafu. Ndoo, mwanangu, lakini usimpandishe nguzo mtoto wa mwenzako. Panda wewe, uone kutoka juu ni nyumba zipi zitakazozimika. Hakuna atakayekurushia jiwe wala neno baya, nimeshawaambia. Nawe usinione nikilia ukadhani nimekubali.

Niambie vijana wako ni wangapi, nipike pilau ya kuwatosha. Ukikata utakula, na usipokata utakula, maana mimi ni mamako kabla ya ofisi yoyote. Ila ukikata, ujue Dzombo ana ngazi na koleo, na waya ninao mimi chini ya kitanda. Utashuka, utaenda kunawa mikono, na kabla hujaifuta, stima yetu itakuwa imesharudi.

Mamako,
Hafswa