Salio la Melini Mkononi mwa Mama

Jumanne, saa kumi jioni, Shinyanga.

Joto la leo linakausha nguo ndani ya nusu saa, na upepo unaleta vumbi mpaka kwenye sufuria. Nimefua mashuka mawili ambayo hayakuwa machafu. Nina hasira, na mimi nikiwa na hasira hufua.

Shuleni tangu jana walimu wenzangu wananiuliza safari ya meli ilikuwaje. Nawajibu ilikuwa nzuri. Nimewaonyesha hata picha, zile za ziwa tupu ambazo hazina mtu.

Humu ninamoandika nitasema ukweli.

Mimi nafundisha somo la biashara, kidato cha pili na cha tatu. Nawafundisha watoto wa watu maana ya punguzo, na ninapenda punguzo kuliko wanavyopenda wao kengele ya kutoka. Sinunui kitenge bila kuuliza bei ya jozi. Mume wangu, Baba Kulwa, ambaye ni fundi wa mitambo mgodini Geita, huwa anasema siku nikifa nitauliza kama kuna ofa ya majeneza mawili. Nilikuwa nacheka.

Safari hii ilikuwa ya mama. Mama analima pamba Kishapu tangu kabla sijazaliwa, na ziwa alikuwa amelipitia mara moja tu, kwenye basi, tulipokwenda harusi ya binamu Mwanza. Aliona meli imetulia majini akaniuliza kama kweli watu wanalala humo. Nikamwambia wanalala. Akachungulia dirishani hadi meli ikapotea. Siku ile nilijiapiza kwamba atalala humo.

Kwa hiyo mwaka huu nilipoona tangazo la meli ya kitalii, siku tatu kuzunguka visiwa kutokea Mwanza, sikusita. Tiketi inalipiwa peke yake, chakula na vinywaji vinalipiwa kwa kitu wanachokiita salio la melini. Ukiliweka mapema kabla ya kupanda, wanakuongezea robo juu yake. Ukiliweka lote kwa jina la mtu mmoja badala ya kuligawa, wanakuongezea tena. Na mtu huyo akiwa amevuka miaka sitini, wanamwongezea ya wazee.

Nilisoma maelezo yale nikatabasamu peke yangu. Salio la watu watatu nikaliweka lote kwa jina la mama. Palipoandikwa vigezo na masharti kuzingatiwa, nikabonyeza kukubali bila kufungua.

Mwalimu wa biashara mzima.

Kwa wasiotoka huku kwetu lazima nieleze jambo. Kwa Wasukuma wa rika la mama, mkwe wa kiume hali chakula mbele ya mama mkwe wake, wala mama mkwe mbele yake. Hawashikani mikono. Hawakai mkeka mmoja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia pembeni kumpisha mwenzake, na salamu zinapita kwa mbali huku kila mtu akitazama chini. Hawachukiani hata kidogo. Mama anampenda Baba Kulwa pengine kuliko anavyonipenda mimi, na namna yake ya kumpenda ni hiyo. Wengi wa mjini wameshaacha. Mama hajaacha, na Baba Kulwa, aliyelelewa na bibi yake vijijini huko Geita, hajaacha pia. Tuna miaka kumi na miwili ya ndoa na hajawahi kumwona mama yangu akitafuna.

Nililijua hilo, na nililipangia. Kwenye basi la kwenda Mwanza mama alikaa mbele, sisi nyuma kabisa. Melini nilichukua vyumba viwili vya pande tofauti, nilale na mama, Baba Kulwa peke yake. Milo ingekuwa kwa zamu: mama na mimi tunatangulia, tukitoka anaingia yeye. Nilijiona nina akili sana.

Ijumaa tulipopanda, dada wa mapokezi alimfunga mama bangili ya plastiki mkono wa kulia. Salio lote limo humo, akasema. Ukitaka kula unaigusisha kwenye mashine ya kaunta. Haivuliwi, ukiikata imekufa na salio limekufa nayo. Fedha taslimu hawapokei. Chakula hakitoki nje ya ukumbi. Na sahani haitolewi mpaka mlaji na mwenye bangili wawe wamesimama pale pamoja, maana huko nyuma watu walikuwa wanabeba sahani tano tano kupeleka vyumbani.

Mlaji na mwenye bangili, wamesimama pamoja.

Nilimwangalia Baba Kulwa. Alikuwa ameshageuka anatazama maboya.

Mchana ule mama na mimi tulikula sato na ugali. Baba Kulwa alisema hana njaa. Jioni akasema amekula karanga zilizokuwa kwenye begi, zinatosha. Nilikwenda mapokezi nikadai wagawe salio. Yule dada akaniambia kwa upole, upole ule wa watu waliofundishwa kazini, kwamba salio lenye bonasi haligawanyiki, ni masharti, niliyakubali mwenyewe. Ila naweza kumfungulia mume wangu bangili yake sasa hivi, kwa bei kamili, bila nyongeza.

Nikapandisha sauti. Nikamwambia huo ni wizi wa mchana, wanauza chakula kwa mtego, wanajua watu hawasomi yale maandishi madogo. Yote niliyosema bado nayaamini. Kampuni inayompa mzee nyongeza halafu inamfunga mkononi kama ng'ombe wa mnadani haina adabu, na nitawaandikia barua.

Lakini bangili ya bei kamili ilikuwepo. Nilikuwa na uwezo wa kuilipia. Baba Kulwa mwenyewe alitoa simu yake alipie, nikamzuia. Nikamwambia tumeshalipa, tutakula tulicholipia.

Naandika sentensi hiyo na mkono unaona aibu.

Jumamosi asubuhi mama alikuwa anakunywa uji akaniuliza mkwe wake alikula saa ngapi jana. Nikababaika. Akauliza tena. Nikamweleza habari ya mashine na kaunta, nikisema meli ndiyo inavyotaka. Sikusema ni nani aliyetaka jina moja. Mama akaweka kijiko mezani. Akasema kwa Kisukuma kwamba haiwezekani yeye ashibe na mkwe wake ashinde na karanga, na uji ule hakuumaliza.

Mchana, watu walipokwisha kujaa ukumbini, aliniambia, "Mwite."

Alitoka kitini akajifunika kanga kichwa kizima, mpaka usoni. Akaenda kwenye kaunta kinyumenyume, mimi nikimwongoza kwa bega, akasimama akiwa ameupa mgongo ule mlango ambao Baba Kulwa angeingilia, uso umeelekea ukutani. Kisha akanyoosha mkono wa kulia nyuma, wenye bangili, akaushikilia hapo hewani. Baba Kulwa aliingia akitazama sakafu. Mpishi aliyekuwa anapakua, mtu mzima mwenye mvi, alielewa mara moja. Aliigusisha mashine kwenye bangili polepole bila kumshika mama mkono, akapakua bila kumuuliza Baba Kulwa anataka nini. Baba Kulwa akachukua sahani, akasema "wabeja", asante ya Kisukuma, kwa sauti ndogo sana, akaenda kukaa nyuma ya nguzo. Mama hakugeuka mpaka nilipomwambia amekwisha kwenda.

Kuna kijana wa miwani ya jua, wa kundi lililokuwa linasherehekea sijui kuhitimu nini, alirekodi yote. Alikuwa anacheka na wenzake, anasema bibi anacheza kombolela na mkwewe. Nilimfuata pale alipo. Nikamwambia afute. Akasema, "Aa, mama, mbona tunafurahi tu," na kwamba ameshaituma kwenye kundi lao. Nilimwambia maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyasema, na nikirudishwa pale leo nitayasema tena. Mtu anamwona mama wa watu ameficha uso, na kitu cha kwanza kinachomjia ni kutoa simu. Huyo naye ana mama.

Dada wa mapokezi aliona. Meneja wake aliona. Hakuna aliyekuja kusema samahani, tutafanya hivi. Walikuwa na ile mashine, walikuwa na bangili droo nzima.

Nami niliona. Nilikuwa nimesimama pale nikiwa na simu yenye fedha mfukoni.

Jioni alifanya hivyo hivyo. Jumapili asubuhi akafanya tena. Milo mitatu. Mara ya tatu nilishaanza kujiambia wameshazoea, mambo yanakwenda, hakuna aliyekufa. Hivyo ndivyo mtu anavyojidanganya. Nilimwona Baba Kulwa anakula haraka haraka akiwa ameinama, na kila mara alibakiza nyama.

Jumapili saa tano tulikuwa tunakaribia Mwanza na salio lilikuwa limebaki jingi. Meli ikifika gatini limekufa, ila duka la melini, linalofunguliwa saa za mwisho tu, linauza vitu vya kubeba nyumbani. Nilimfuata mama alikokuwa amekaa, upande wa jua, anatazama ziwa lake. Nikasema, "Mayu, twende dukani tulimalize." Nilikuwa nimeshapiga hesabu ya maboksi ya biskuti na soda za mapacha wangu niliowaacha kwa dada yangu.

Mama hakunitazama. Alinyoosha tu mkono wa kulia nyuma, akausimamisha hapo, na macho yake yakabaki ziwani.

Hapakuwa na mkwe karibu. Hapakuwa na mtu wa kumfichia uso. Alikuwa ameshazoea tu kwamba akiitwa ni kwa ajili ya mkono.

Nilikwenda jikoni nikaazima mkasi kwa yule mpishi mwenye mvi. Nikarudi nikaikata ile bangili, nikaitupa kwenye pipa na salio lake lote na bonasi zake tatu. Mama alisugua mahali ilipokuwa imembana, pamebaki alama nyekundu. Nikakaa karibu naye. Tukatazama ziwa mpaka meli ilipofunga kamba.

Baba Kulwa aliunganisha basi la Geita jioni ile ile, zamu yake ilikuwa inaanza. Mama alilala kwangu, kesho yake alfajiri akapanda gari la Kishapu. Kabla vipindi vya siku ile havijaisha shangazi akanipigia kunipongeza: mama ameshawasimulia majirani wote kwamba alilala juu ya maji siku mbili, kitanda kina godoro zuri, mpishi ana adabu, na wanawe wamemlisha samaki mpaka akachoka. Habari ya kaunta hakuitaja kwa yeyote.

Nilidhani hilo ndilo litakaloniuma zaidi. Sikuwa nimesikia bado.

Leo mchana mama amepiga. Kabla hatujasalimiana vizuri akauliza, "Mkwe wangu amekula?" Ni mara ya tatu tangu Jumapili anaanza na swali hilo. Nikamjibu yuko mgodini, wanakula kantini, anakula vizuri. Halafu nikashindwa kuendelea kulibeba. Nikamwambia, mama, meli haikutaka bangili moja. Kila mtu angeweza kuwa na yake. Ni mimi niliyeandika jina lako peke yako, nilitaka nyongeza.

Upande wa pili nilisikia kuku na mtu anatwanga.

"Nilijua," akasema.

Nikamuuliza amejuaje. Akasema tangu siku ya kwanza aliona watu wote humo wamevaa za kwao, hata watoto wadogo. Akaona mkono wa Baba Kulwa mtupu, akajua ni mimi na mambo yangu ya ofa.

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Ningesemea wapi, mbele ya mumeo? Ungeuweka wapi uso wako?"

Kisha akauliza kama Dotto amepona kikohozi, na kama nimepata mahindi ya bei nzuri, akasema anawahi kutoa mbuzi juani, akakata.

Kwa hiyo ule mkono wa nyuma, ile kanga usoni, kile kicheko cha wale vijana, alivibeba vyote akijua. Alificha uso wake ili wangu usionekane, na alifanya hivyo mara tatu huku mimi nikimshika bega.

Tangu Ijumaa nina orodha ya watu wa kuwakasirikia. Kampuni imo. Meneja yumo. Kijana wa miwani yumo na hatoki. Lakini nimeshafua kila kilichomo humu ndani na hasira haijapungua, maana sasa inanitazama mimi, na mimi sina mapokezi ya kwenda kupandishia sauti.

Jumamosi naenda Kishapu. Nitampigia magoti kama inavyopaswa, hilo najua kulifanya. Lakini nitaanza na neno gani, kumwomba mama msamaha kwa aibu ambayo yeye alishaamua mtu yeyote asiione?