Kiraka Namba Arobaini na Sita

4 Machi

Kwako Dada,

Natumaini u mzima. Nauliza kwa sababu Mama alitufundisha kwamba hata mtu uliyemkasirikia anajuliwa hali kwanza. Mimi ni mzima, kifua kimepona. Simu nimekufungia tangu ulipoajiriwa kwenye kiwanda cha nguo, kwa hiyo vumilia mwandiko wangu.

Jana nilikuwa kwenye foleni ya benki. Mbele yangu alisimama bwana mmoja wa makamo, viatu vinang'aa, ananukia marashi. Amevaa koti langu. Sisemi linalofanana na langu, Dada. Jinzi nyeusi, pini sita kwenye kola, na mgongoni kiraka cha bluu chenye namba 46. Upande wa kushoto mshono umepinda palepale ulipopinda wangu, na chini uzi umerudiwa mara mbili.

Nikamgusa bega. "Samahani, kaka, hiyo namba ni ya nini?"

"Sijui, sista. Staili tu. Mambo ya panki."

Staili tu! Arobaini na sita ilikuwa namba ya Mama kule dobini. Miaka kumi na tisa alifua mashuka ya hoteli na aproni ya bluu kiunoni, namba hiyo mfukoni mwake, na msimamizi hakuwahi kumwita kwa jina. "Arobaini na Sita, njoo hapa." Siku tuliyomzika nilikata mfuko wa aproni nikaushona kwenye koti langu, ili mtu akiniuliza nimweleze Mama alikuwa nani. Sasa mji mzima umevaa namba ya Mama na hakuna mwenye la kueleza.

Mchora sampuli wa kiwanda ni wewe. Sihitaji upelelezi.

Labda umesahau panki ni nini, maana kwenu ni rafu ya duka. Bendi yetu inapiga sakafuni, si jukwaani, kwa sababu hakuna aliye juu ya mwenzake. Mtu akianguka kwenye msukumano, muziki unasimama mpaka ainuliwe. Tunachokihitaji tunakitengeneza wenyewe, hata kikitoka kibaya. Nyinyi mmechuna ngozi mkaacha mnyama.

Toleo la saba la kijarida chetu linatoka mwisho wa mwezi. Waambie waliondoe koti hilo madukani. La sivyo ukurasa wa katikati ni wako, na nitaandika wewe ni nani kwangu.

Mdogo wako

*

11 Machi

Mdogo wangu,

Mimi sijambo, mgongo tu unasumbua. Nafurahi kifua kimepona. Maliza dawa zote, usiziache katikati kama unavyoacha kila kitu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. "Tunatengeneza wenyewe." Wewe? Wewe ambaye kifungo kikikatika unabana na pini, halafu unaiita falsafa?

Ndiyo, ni mimi. Mkuu wa mauzo aliweka picha ya bendi yenu mezani kwangu akasema anataka kitu kama hicho. Ningeweza kukataa. Nikachora, na namba nikaiacha, kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kumweleza ilikuwa ya nani. Hilo ni kosa langu na silitafutii kisingizio.

Ila ngoja nikwambie ya huku, maana wewe unayajua ya sakafuni tu. Sampuli ya kile kiraka imetundikwa ukutani. Mkaguzi anapita na rula. Fundi akishona mshono ulionyooka anarudishiwa afumue. Jana alimwambia mama mmoja aliyekaa kwenye cherehani miaka thelathini, "Mama, hii imenyooka mno, haina hasira." Watu wazima wanafundishwa kukosea, na wote wakosee palepale.

Na huo mshono si wako. Siku ya mazishi ulikaa kitandani, ukakata ule mfuko, ukanipa. Ulisema, "Dada, siwezi hata kutunga uzi." Nikashona mimi. Umepinda kwa sababu mkono ulikuwa unatetemeka. Pale chini nilirudia kwa sababu machozi hayakuniacha nione.

Ukitaka kuniandika, niandike. Sikuombi unifiche. Nakuomba usidanganye.

Dada yako

*

29 Machi

Dada,

Hujambo? Mimi sijambo.

Bahasha yako yenye nembo ya kiwanda ilifika wiki mbili zilizopita. Sijaifungua na sitaifungua. Nimejua umekataa kuliondoa koti kwa kuangalia hiyo nembo tu. Mtu anayemwandikia mdogo wake kwa karatasi za mwajiri ameshajibu. Madukani nimepita, makoti yapo, yameongezwa hata ya watoto.

Nakutumia toleo la saba. Ukurasa wa katikati. Tumetoa nakala mia mbili, fotokopi tumezikunja kwa mikono, moja moja. Mpiga dramu alisema, "Dada wa mtu, jamani, una uhakika?" Nikamwambia kiraka kile nilikishona kwa mikono yangu mwenyewe siku ya msiba, na aliyekiiba alikuwa amekaa pembeni yangu akitazama. Nimeandika hivyohivyo.

Usinijibu.

Mdogo wako, kwa bahati mbaya

*

20 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini hujambo. Bahasha hii nimeinunua dukani, haina nembo, unaweza kuigusa bila kuchafuka.

Kijarida chako kilifika kiwandani kabla ya nakala uliyonitumia. Binti wa fundi mmoja huja kuisikiliza bendi yenu. Mama yake akabandika ukurasa wa katikati kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, na wote wakasoma Arobaini na Sita alikuwa nani. Walipita mbele ya meza yangu kama wanaruka dimbwi.

Asubuhi iliyofuata cherehani zote zilishona viraka vilivyonyooka. Mkaguzi akarudisha. Wakafumua, wakashona, vikanyooka tena. Akapaza sauti, "Nani kaanzisha huu ujinga?" Yule mama wa miaka thelathini akamjibu bila kuinua macho, "Mwanangu, namba ya marehemu haishonwi kwa dhihaka." Basi. Hawakuwa na bendi wala pini. Wala hawakuwa na kiongozi, na hawakuhitaji kupiga muziki sakafuni ili watu walione hilo.

Meneja akaniita. Alitaka niandike orodha ya waliokataa. Nikamwambia sampuli ya kwanza niliishona mimi, kwa hiyo aanze na mimi. Saa sita nilikuwa nje ya geti na mkasi wangu na kikombe changu. Wengine hakuwagusa, maana angebaki na cherehani tupu. Koti limesimamishwa. Wanasema kwa muda.

Umeandika kwamba mimi ni mwizi, na hapo ulisema kweli. Sasa fungua ile bahasha ya kwanza, ewe mtu wa misimamo.

Dada yako

*

9 Mei

Dada yangu,

Mgongo unaendeleaje? Nauliza kweli sasa.

Nimeifungua. Nilikuwa nakumbuka sindano mkononi mwangu, Dada. Nilikumbuka hata baridi yake. Nimeisimulia ile siku mbele ya watu mara nyingi, na kila mara wewe ulipungua kidogo, mpaka nikabaki peke yangu chumbani na aproni. Nimemdharau bwana wa benki kwa kuvaa asichokijua. Yeye angalau alisema hajui.

Nilimsomea mpiga dramu barua zako. Akasema, "Kumbe mwanapanki ni dada yako. Tukubadilishe?" Sikucheka. Nimezunguka na kalamu kutafuta nakala zile mia mbili. Nimepata mia na kumi na moja. Kwenye kila moja nimefuta "kwa mikono yangu" nikaandika ni mikono ya nani. Zilizobaki zinadanganya huko ziliko, na sina la kufanya.

Halafu nilifumua kiraka, nikakishona tena mwenyewe. Siku tatu. Nimejichoma vidole vyote isipokuwa gumba. Nakutumia koti. Ni lako tangu mwanzo.

Mdogo wako

*

16 Mei

Mdogo wangu,

Mimi mzima. Mgongo umepona tangu nitoke kwenye kile kiti.

Koti limefika. Nimelitundika dirishani nikalitazama asubuhi nzima. Kiraka umekishona pamoja na bitana, koti limevutika kama lina kibyongo. Sita iko juu, nne iko kwapani. Sijawahi kuona kazi mbaya kiasi hiki, na nimekagua kazi za watu walioamriwa kukosea.

Sitalivaa hivi. Nakurudishia. Fumua, uanze upya, ukimaliza ulilete mwenyewe, usitume.

Sindano nimeiweka mfuko wa kushoto. Uzi utautunga mwenyewe.

Dada yako