Ombati Alivyonisemea

Gesima, Jumapili jioni

Na bado hasira haijanitoka. Ombati, mdogo wangu wa tumbo moja, amenisemea tena mbele ya wazee.

Tulikuwa tukizungumzia shamba la majani chai aliloliacha mama. Mzee wa kijiji akaniuliza, "Mwalimu, unakubali Ombati achukue upande wote wa mtoni?"

Jibu nilikuwa nalo. Lakini tangu ugonjwa huu wa kutetemeka, Parkinson, unipate, neno hupotea kabla ya kufika mdomoni, na sauti yangu imekuwa ndogo. Nikawa bado nalitafuta.

"Amekubali," Ombati akasema. "Mwacheni apumzike. Kichwa chake siku hizi hakishiki mambo."

Mimi niliyemfundisha kusoma!

Nikapiga meza kwa kiganja. Wote wakanigeukia. Nikavuta pumzi kama nilivyoelekezwa kliniki, nikasema, "Sijakubali." Kisha nikamwambia Ombati asimame anisikilize. Nikaeleza yote, neno moja moja. Kila alipofungua mdomo, mzee alimkatiza, "Ngoja Mwalimu amalize." Alisimama karibu nusu saa, wanawe wakimtazama.

Ukweli ni kwamba ningeweza kumaliza mapema. Mengine niliyachelewesha makusudi.

Wazee wameamua shamba ligawanywe nusu kwa nusu. Mke wangu, Kerubo, anasema nimsamehe. Nitamsamehe, lakini si wiki hii.

Naogopa siku ambayo neno halitakuja kabisa, na Ombati atakuwa ameketi palepale kando yangu. Lakini leo lilikuja, na aliyetetemeka zaidi ni yeye.