Dua Niliyoitikia si ya Safari Yangu

Mpendwa Bi Asmaa, shikamoo, naomba unisaidie kabla ya Jumapili maana ndipo ninaposafiri. Nimepata nafasi ya kusomea haki za jamii Afrika Kusini mwaka mzima, gharama zote wanatoa wao, lakini nyumbani nimesema nakwenda kusomea ukunga, kwa sababu kaka yangu Hassan alikuwa akitetea watu wasifukuzwe kwenye viwanja vyao, akatoka alasiri moja kwenda msikitini asirudi, mwaka wa tatu huu, na mama amekataza neno haki lisitajwe tena humu ndani. Basi Ijumaa iliyopita mama akaniandalia kisomo, majirani wa mtaa wetu wa Shika Adabu wakajaa, ubani ukafukizwa, ikasomwa Yasini, ami Matano akaomba, "Yaa Rabbi, mlinde mwanetu huko kwenye ukunga wake," na mimi nikaitikia amin pamoja nao, na wallahi nasikia huko wageni hufukuzwa kwa marungu, nami naenda na dua isiyo yangu. Itanilinda kweli? Au nisiende? Naogopa sana, Bi Asmaa.

Mwenye hofu, Likoni

Marahaba, mwanangu. Pole kwa Hassan, na pole zaidi kwa mama. Sasa tega sikio.

Habari za dua kamuulize imamu wako, lakini Mola uliyemwomba anajua unakokwenda. Asiyejua ni mama yako! Ukishikwa na homa tu huko, akutafute wapi, kwenye vyuo vya wakunga? Hivi wewe hujaona kinachomla miaka yote hii? Ni kutojua Hassan yuko wapi. Nawe umekaa kwenye mkeka wake, unanukia ubani, ukamwongezea fumbo la pili. Njia ya mwongo ni fupi, na hii yako inaishia kwa mama.

Leo hii mkalishe, ami Matano awepo. Mwandikie jina la chuo, mtaa utakaolala na nambari ya simu ya mwenyeji wako, karatasi ibandikwe ukutani. Atalia, atakufokea. Nyamaza umsikilize. Kisha mwombe akuombee dua upya, kwa kinywa chake, na safari aitaje kwa jina lake. Huko usitembee peke yako, na mpigie simu kila siku, hata kama huna la kusema.

Akikataa, mbembelezeni wewe na ami yako hadi Jumamosi, ila usimtoroke. Tayari ana mtoto mmoja ambaye yeye hajui aliko. Usimfanyie wawe wawili.